TAHARIRI: Injini haifi, freni zinakufa. Jeep za zamani zinahitaji historia

Kila alfajiri, kwenye parkingi za Butembo, Beni, Bunia na Uvira, jeep za Land Cruiser za mazutu zinawashwa, moshi unapanda, na mashofere wanaita abiria. Nyingi kati ya magari hayo yamezidi miaka 20, na mengine yamezidi 30. Ndani wanapangwa watu mpaka mlango unafungwa kwa nguvu. Juu yanafungwa magunia ya unga, bidoni za mawese, mikeka na kuku. Abiria anauliza bei ya safari, kisha anauliza saa ya kuondoka. Hakuna anayeuliza gari hii ilikaguliwa lini mara ya mwisho, wala mkaguzi alikuta nini.

Swali hilo la tatu ndilo linalobeba maisha ya watu. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS), watu karibu milioni 1,19 walikufa katika ajali za barabarani duniani mwaka 2021, na karibu mmoja kati ya watano alikufa katika kanda ya Afrika, ingawa kanda hiyo ina sehemu ndogo tu ya magari ya dunia. Njia mbaya ni sababu moja, mwendo wa kasi na pombe ni sababu nyingine. Lakini ipo sababu ambayo watu wa mashariki mwa Kongo wanaiona kila siku na wanainyamazia: gari ambayo hakuna anayejua historia yake.

Sifa ya kweli yenye kudanganya

Haifai kuanza kwa kutukana gari ya zamani. Land Cruiser ya aina ya 70, ambayo Toyota ilianza kuitengeneza mwaka 1984, imepata heshima yake kwa haki. Injini yake inayojulikana zaidi huku kwetu, 1HZ, ilitoka mwaka 1990. Ina silinda 6, ujazo wa lita 4,2, haina turbo, na haitegemei kompyuta ili izunguke. Fundi wa Lubero au wa Fizi anaweza kuifungua kwa funguo za kawaida na kuifunga tena. Piesi zake, za kweli na za kuigiza, zinapatikana hata katika vituo vidogo vya biashara. Shasi yake ni ya chuma kizito, na inavumilia matope ambayo gari ndogo haiwezi hata kuyakaribia. Ndiyo sababu jeshi, mapadri, mashirika ya misaada, hospitali na wachuuzi wote wanaitafuta.

Lakini sifa hiyo ina upande wake wa pili. Injini yenye kuwaka kila asubuhi inawafanya watu waamini kwamba gari yote ni nzima. Mwenye gari anasikia injini inanguruma vizuri, anafurahi, anasahau kuangalia chini. Wakati huo freni za nyuma zimeliwa, vichwa vya direksyo vinacheza, lama za resori zimepasuka na kufungwa kwa kamba za mpira, na mipira ya magurudumu imebaki laini kama kiganja. Gari ya injini dhaifu ingekwisha kusimama njiani na kumlazimisha mwenyewe kuipeleka garaji. Land Cruiser haisimami. Inaendelea kutembea na magonjwa yake yote mpaka siku inapofika mteremkoni.

Lazima basi kutenganisha mambo mawili ambayo parkingini yanachanganywa. Gari ya kutegemewa ni ile isiyokuacha njiani. Gari salama ni ile inayoweza kusimama, kukata kona na kuonekana usiku. Gari moja inaweza kuwa ya kwanza bila kuwa ya pili. Katika milima ya Kivu, tofauti hiyo inapimwa kwa makaburi.

Mteremko hauna huruma

Mashofere wanaopita Ngomo, kwenye njia ya kutoka Bukavu kwenda Uvira, au milima ya Lubero, wanajua namna freni inavyochoka. Ukikanyaga muda mrefu, chuma kinapata moto, na moto huo unafika kwenye maji ya freni. Maji hayo yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa. Yakikaa miaka bila kubadilishwa, yanabeba maji mengi ndani yake, na joto likipanda yanachemka. Hapo pedali inashuka mpaka chini, na gari haisimami. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa magari wanashauri kuyabadilisha karibu kila miaka 2. Ni mashofere wangapi wanaokumbuka mwaka waliobadilisha maji ya freni?

Yako makosa mengine mawili yanayojulikana vizuri katika garaji zetu. La kwanza ni kuzima injini mteremkoni, au kutoa vitesi, ili kuokoa mazutu. Gari ya mazutu inasaidia freni kwa pampu inayoendeshwa na injini. Injini ikizimwa, msaada huo unakwisha baada ya kukanyaga mara chache, na wakati huo huo nguvu ya injini yenyewe ya kuzuia gari imepotea. Akiba ya nusu lita inaweza kulipwa kwa damu. Kosa la pili ni kufunga bomba la freni la gurudumu moja lenye kuvuja, ili gari ifike kwanza halafu itengenezwe baadaye. Hiyo "baadaye" mara nyingi haifiki. Gari inabaki na freni za magurudumu matatu, na siku ya kukanyaga kwa nguvu inavutwa upande mmoja.

Makosa hayo hayaonekani kwa macho ya abiria. Yanaonekana kwa mkaguzi anayeingia chini ya gari. Na kama mkaguzi aliandika alichokiona, yanaonekana kwa kila anayesoma karatasi yake.

Karatasi inayosema kitu

Katika nchi ambako magari haya yanatoka, ukaguzi umeachwa kuwa mhuri tu. Umekuwa kumbukumbu. Huko Uingereza, mtihani wa magari unaoitwa MOT ulianza mwaka 1960. Leo gari ndogo ya kawaida inaanza kuupita ikifikisha miaka 3, kisha kila mwaka. Matokeo yanawekwa kwenye intaneti, na yale ya tangu mwaka 2005 yanaweza kusomwa bure na mtu yeyote mwenye namba ya plaki ya gari. Yanaonyesha tarehe, kilomita au maili zilizosomwa siku ile, sababu za kushindwa, na mambo ambayo mkaguzi alitaka mwenye gari ayafuate. Tangu mwezi wa tano mwaka 2018, makosa yanapangwa kwa uzito wake: ya hatari, makubwa na madogo.

Ubelgiji, nchi ambayo Wakongo wengi wananunua magari, ina karatasi inayoitwa Car-Pass tangu mwaka 2006. Garaji na vituo vya ukaguzi vinatuma kilomita za gari kila inapopita kwao, na anayemuuzia raia gari iliyotumika analazimika kumpa karatasi hiyo. Japani ina ukaguzi wake unaoitwa shaken: kwa gari mpya ya kawaida ya mtu binafsi, wa kwanza unafanyika baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2.

Maana yake ni kwamba gari nyingi ya mitumba inayofika Kasindi au Kalemie haikuzaliwa bila historia. Historia ilikuwepo, ikapotea njiani. Wakati mwingine ilipotezwa kwa makusudi.

Mnunuzi wa Butembo mwenye simu na megabaiti chache anaweza kuifuata. Akiletewa jeep ya mazutu iliyotoka Uingereza, aombe namba ya plaki yake ya huko. Muuzaji akikataa kuitoa, hilo peke yake ni jibu. Akiitoa, kazi ni kusoma kwa akili.

Kwanza asome kilomita mwaka kwa mwaka. Zinapaswa kupanda. Zikishuka ghafla, mtu alirudisha saa nyuma. Asisahau kwamba huko mara nyingi wanahesabu kwa maili, na maili moja ni kilomita 1,6. Gari ya maili 150 000 imekwisha kutembea zaidi ya kilomita 240 000.

Pili atafute neno la kutu. Nchi za baridi zinamwaga chumvi barabarani wakati wa barafu, na chumvi inakula chuma kutoka chini. Mkaguzi wa Uingereza anaangalia kwa ukali kutu iliyo ndani ya sentimita 30 za pahali panaposhikilia resori, direksyo au mikanda ya usalama, kwa sababu chuma kikiachia pale gari inavunjika ikiwa katika mwendo. Rangi mpya nyeusi chini ya shasi inaweza kuficha kutu kwa macho, lakini haiwezi kufuta yale yaliyoandikwa miaka mitano iliyopita.

Tatu aangalie kasoro inayorudi. Bomba la freni lililotajwa kuwa na kutu mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu linaonyesha mwenye gari asiyesikia. Kinyume chake, gari iliyoshindwa mtihani kisha ikapita siku tatu baadaye haifai kuogopwa mara moja: maana yake mtu alilipa, akatengeneza. Gari yenye historia ya makosa yaliyotengenezwa inaweza kuwa bora kuliko gari yenye karatasi moja safi isiyosema kitu.

Nne, ajue mipaka ya karatasi. Mtihani wa MOT haupimi hali ya ndani ya injini, gia wala ambrayaji. Hapo fundi bado anahitajika. Moshi mweusi mzito unaonyesha mazutu mengi au sindano zilizochoka, moshi wa bluu unaonyesha mafuta ya injini yanaungua, moshi mweupe usiokwisha injini ikiwa ya moto unaweza kuonyesha maji yanaingia pahali pasipo pake. Kwa injini ya 1HZ, swali la lazima ni ukanda wa ndani, yaani kuruwa ya distribisio: ulibadilishwa kwa kilomita ngapi? Wengi wanaubadilisha kila kilomita 100 000. Ukikatika gari ikiwa katika mwendo, injini ile isiyokufa inaweza kuharibika vibaya kwa dakika moja. Kwa Prado za injini ya 1KZ, swali ni joto: zinajulikana kwa kilasi kupasuka pale injini inapochemka.

Wanaouza, na wanaonunua

Itakuwa uongo kuweka mzigo wote juu ya mnunuzi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira, iliyotoka mwaka 2020, ilionyesha kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yalisafirishwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani. Karibu asilimia 80 yalikwenda katika nchi za mapato madogo na ya kati, na zaidi ya nusu ya hayo yalikuja Afrika. Mwaka huo huo, ukaguzi wa serkali ya Uholanzi ulionyesha kwamba mengi ya magari yaliyopita katika bandari zake kuja Afrika yalikuwa na umri wa miaka 16 mpaka 20, na mengi hayakuwa na cheti halali cha ukaguzi siku ya kuondoka.

Kwa maneno mengine, gari ambayo polisi wa kule wangeikataza kuingia barabarani inaruhusiwa kupakiwa melini ije kubeba watoto wa huku. Nchi zenye kuuza haziwezi kunawa mikono. Cheti kinachohitajika ili gari itembee kwao kinapaswa kuhitajika ili itoke kwao.

Lakini upande wetu pia kuna kazi isiyofanywa. Kanuni ya barabara ya Kongo ni sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Mazungumzo kuhusu kontroli tekniki si mapya basi, na hakuna anayeweza kusema kwamba wazo hilo limetoka nje ya nchi jana. Kinachokosekana ni roho yake. Kwa mashofere wengi, kontroli tekniki imebaki kuwa karatasi kati ya karatasi: kadi roze, asiransi, vinyeti, kontroli tekniki. Zote zinawekwa katika mfuko mmoja wa plastiki na kuonyeshwa kwenye kizuizi. Polisi anasoma tarehe, hasomi gari. Na kama tarehe imepita, mara nyingi mazungumzo yanakwisha kwa noti inayokunjwa kiganjani, na gari inaendelea na safari ikiwa na freni zile zile.

Noti hiyo haikutengeneza kitu. Shofere aliyeitoa anaona amekombolewa. Abiria walio nyuma wanaona wamechelewa. Hakuna kati yao anayeona kwamba wameuza ulinzi wao wenyewe kwa bei ya soda.

Wenye magari nao wana neno

Wenye magari wana majibu, na yanastahili kusikilizwa. Wanasema: tukikaza ukaguzi, nusu ya jeep zitasimama, na soko la Manguredjipa au la Fizi litakosa chumvi. Wanasema: tunalipa peaje, tunakatwa feza za matengenezo ya njia katika bei ya mafuta, lakini njia ni mashimo, na gari iliyotengenezwa Jumatatu imevunjika Ijumaa. Wanasema: piesi za kweli ni ghali, na soko limejaa za kuigiza.

Malalamiko haya ni ya haki. Mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, FONER, uliundwa mwaka 2008 ili feza za watumiaji wa njia zirudi kwenye njia. Raia anayelipa ana haki ya kuuliza kila kilomita. Serkali inayotaka kupima magari inapaswa kukubali kupimwa kwa barabara zake.

Lakini ubovu wa njia ni sababu ya kukagua gari mara nyingi zaidi, si sababu ya kutokagua. Anayeishi pahali penye malaria nyingi hatupi chandarua kwa kusema mbu ni wengi mno. Na hofu ya kwamba magari yote yatasimama inatokana na kufikiri kwamba ukaguzi ni kufukuza. Ukaguzi mzuri unapanga makosa. Taa moja iliyokufa inapewa wiki moja. Amortisa iliyochoka inapewa mwezi. Freni isiyokamata na direksyo inayocheza hazipewi hata saa moja, gari inabaki pale pale mpaka itengenezwe. Kwa namna hiyo soko halikosi chumvi, na mama aliyekwenda kuuza mihogo anarudi nyumbani.

Mambo yanayowezekana bila mabilioni

Jambo la kwanza ni daftari. Kila gari ya abiria iwe na kitabu chake, chenye namba ya shasi kwenye ukurasa wa kwanza, na kila fundi aandike tarehe, kilomita, alichokuta, alichobadilisha na jina la garaji. Mashirika mengi ya misaada yanafanya hivyo tangu zamani. Ndiyo sababu Land Cruiser inayouzwa na shirika kwa mnada mara nyingi inapata mnunuzi haraka: watu wanaamini iliandikwa. Anayeinunua adai daftari hilo pamoja na funguo, na aendelee kuliandika. Daftari la shule la bei ndogo linaweza kuongeza thamani ya gari siku ya kuiuza.

La pili ni karatasi ya kontroli tekniki yenyewe. Isiseme tu kwamba gari imepita. Iseme freni za mbele na za nyuma zilikutwa namna gani, mipira ina hali gani, direksyo, taa, shasi, mikanda, na kilomita za siku ile. Nakala moja ibaki kwa mkaguzi. Mwaka unaofuata, mkaguzi aanze kwa kusoma ya mwaka uliopita. Hapo ndipo karatasi inakuwa historia.

La tatu ni mpaka. Gari ya mitumba inapoingia, karatasi za ukaguzi za nchi ilikotoka ziombwe pamoja na zile za ushuru, na kilomita zake ziandikwe siku ya kuingia. Kazi hii haihitaji mashine yoyote, inahitaji kalamu.

La nne linawahusu mashofere na mashirika yao, kama ACCO. Shofere ndiye wa kwanza kufa gari ikikosa freni, lakini mara nyingi si yeye mwenye gari. Tajiri anadai feza za siku, na shofere anayesema "gari haifai" anaogopa kunyang'anywa funguo. Shirika linaloweza kusimamisha kazi kwa sababu ya ushuru linaweza pia kumlinda shofere anayekataa kushuka Ngomo na freni mbovu.

La tano ni abiria. Hatakiwi kuwa fundi. Anatakiwa kuuliza swali lile la tatu kwa sauti, mbele ya wengine: gari hii ilikaguliwa lini? Swali likiulizwa na mtu mmoja, anachekwa. Likiulizwa kila asubuhi na watu kumi, tajiri ataanza kutafuta jibu, kwa sababu jeep isiyo na jibu itaondoka na viti vitupu.

Land Cruiser za zamani zitaendelea kutembea mashariki mwa Kongo kwa miaka mingi bado. Hakuna gari nyingine inayofanya kazi yao kwa bei yao, na wanaoziita chuma cha kutupa hawajawahi kusafiri kwenda Shabunda wakati wa mvua. Hazihitaji kuondolewa. Zinahitaji kujulikana, gari moja moja: ilitoka wapi, iliugua nini, ilitibiwa na nani. Mama akimpeleka mtoto hospitalini, muuguzi anaomba kwanza kadi yake. Jeep inayombeba mtoto huyo kwenda hospitalini, na watu wengine kumi na watano pamoja naye, nayo iombwe kadi yake.